Historia Tuliyoivaa Miguuni

Waombolezaji wenzangu wa Telaso, wazee wa baraza, majirani wa mtaa wa kisimani, wageni mliovuka mto kutoka Mileto na Priene, na ninyi mama zetu mliosimama kule upande wa ukuta, mimi ni Kidimo, mtoto wa dada yake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kabla hatujamfunika udongo, kwa kuwa mwanawe wa kiume alitangulia na ndugu zake wote wameisha. Nitayasoma kama nilivyoyaandika, na mniwie radhi pale nitakaposita, kwani mengi humu ni ya kuona haya, na haya hiyo si ya marehemu peke yake.

Jambo moja niliseme mapema msije mkadhani nimesahau, jina lake sitalitaja. Mwenyewe aliniagiza akiwa kitandani, akasema, "Kidimo, soma maneno yote unayotaka, lakini jina langu liache, jina langu lina mtu wake." Sote tunajua kwamba wafu wetu huitwa kwa jina mara tatu kaburini ili roho ijue kwao ni wapi, na sote tunajua pia kwamba katika mji huu mke hamwiti mumewe kwa jina, awe hai au amekufa, ndiyo maana kazi hiyo hufanywa na wana na ndugu. Yeye alitaka aitwe na mkewe, na kama mkewe hataki, alisema, tumzike bila kuitwa. Basi hilo ndilo lililo mbele yetu leo, na tutalifikia.

Marehemu alizaliwa hapa Telaso mwaka wa pili baada ya Waajemi kuichoma Mileto, Hegesandro akiwa amevaa taji la mji, lile tunalohesabia miaka, katika mwezi wa kuchuma zabibu, kwenye nyumba ile iliyo nyuma ya hekalu la Poseidoni ambayo siku hizi inavuja, akiwa mtoto wa pili wa mzee Timesio aliyekuwa akikamua mafuta ya zeituni, na mama yangu ndiye aliyemfuata. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla meno hayajamalizika kuota, na kwamba wageni wakija nyumbani ilibidi afungiwe uani, la sivyo angewauliza wametoka wapi, wana wa nani, na kwa nini wanasema uongo.

Masomo aliyaanza kwa mwalimu Glaukipo, kule karibu na uwanja wa mieleka, alikojifunza kuandika, kupiga kinubi, na kukariri majina ya mababu wa mji kwa mpangilio, na alipokuwa kijana alipelekwa Mileto, wakati mji ule ukijengwa upya, akakaa kwa binamu wa babu yake, akasoma vipimo vya nchi na namna ya kuchora pwani na mito. Baadaye alisafiri, akafika Sardi, akafika Misri, akarudi mwaka ambao Anaksila alivaa taji, amekonda na ameungua jua, amebeba mifuko ambayo ndugu walidhani ina zawadi, kumbe imejaa ngozi zilizoandikwa.

Kazi yake, kama mjuavyo, ilikuwa kuandika mambo ya zamani. Alizunguka nyumba kubwa zote za Telaso akiwauliza wazee wao kizazi kwa kizazi, akawaandikia kitabu cha nasaba kwenye ngozi nzuri za mbuzi, zilizokwanguliwa na kulainishwa, kikianza kwa jina lake mwenyewe kama ilivyo desturi ya watu wa kazi hiyo, kwamba fulani wa Telaso anasema hivi. Humo kila nyumba ilipata mungu wake. Nyumba ya mzee Eksekesto ilifika moja kwa moja kwa Poseidoni, na jirani mmoja alipolalamika kwamba yeye ameishia kwa mungu wa mto tu, marehemu alirudi nyumbani akamsogeza mbele kidogo, mambo yakaisha kwa kula pamoja. Na juu ya waasisi wetu aliandika kile ambacho sote tulilelewa nacho, kwamba walikuja na merikebu kutoka Athene, wakaikuta nchi hii ni tupu, vichaka na ndege, wakailima.

Kitabu hicho kilisomwa kwenye Sikukuu ya Waasisi, mbele ya madhabahu, na marehemu akavikwa shada la mzeituni, watu wakambeba mabegani hadi sokoni. Katika uzee wake niliwahi kumkumbusha siku ile nikidhani nitamfurahisha, akaniambia, "Usinitajie lile shada, mwanangu, kila nikilikumbuka masikio yananiwaka moto."

Marehemu alifunga ndoa na Mirtale, binti wa Eupaliso wa hapa hapa mjini, mwezi wa harusi, mwaka ambao Eksekesto mwenyewe alivaa taji. Bibi harusi aliingia nyumba ya mumewe kinyumenyume, uso ukitazama barabarani, kama wanavyoingia bibi harusi wote wa Telaso, na tangu siku hiyo hakumwita mumewe kwa jina, kama wasivyowaita waume zao wanawake wote wa Telaso. Sisi wanaume tumejisifia jambo hili tangu zamani. Wageni wakija kutoka Efeso tunawaonyesha hekalu, tunawaonyesha mkuki wa mwasisi, kisha tunawaambia, mnaona wake zetu, wanatuheshimu hata majina yetu yanawashinda kutamka, na wageni wanatikisa vichwa kwa wivu. Marehemu mwenyewe aliliandika hilo katika kitabu chake cha kwanza, akalisifu.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza akiwa Arkesimo, aliyefia baharini akipiga makasia katika merikebu za Waathene, wa pili akiwa Nanisi, ambaye yupo hapa amekuja na mumewe kutoka Priene, pole sana dada.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Siku moja, Arkesimo akiwa bado mchanga, marehemu alirudi kutoka mashambani akamkuta mkewe uani akimpa punda maji, anamwita kwa jina lake na kumbembeleza, na yeye alipobisha mlango aliitikiwa, "Haya, wewe wa hapo, ingia." Marehemu alikuwa mtu wa utani, akasema, "Jamani, Mirtale, hata punda ana jina katika nyumba hii, mimi tu ndiye wewe wa hapo?" Na Mirtale, mkaza mjomba wangu, ambaye alikuwa amechoka na mtoto analia, akajibu bila kugeuka, "Punda hakumuua baba yangu."

Baba yake Mirtale alikuwa hai, alikuwa amekula nao jana yake. Marehemu alisimama pale mlangoni na jembe begani, akaniambia baadaye kwamba katika safari zake zote, Sardi na Misri na kwingineko, hakuwahi kuambiwa neno lililomshinda kama lile. Aliuliza siku ile. Aliuliza kesho yake na kesho kutwa, mpaka mkewe akamwambia, "Si maneno yangu, ni ya wanawake, kamuulize bibi." Bibi huyo alikuwa Nanisi mkubwa, mama wa mama yake Mirtale, mwanamke aliyekuwa haoni tena lakini anafuma, na marehemu alikwenda kukaa kwenye mlango wa chumba chake cha kufumia majira yote ya baridi, watu wakimcheka, wakisema mume wa Mirtale ameanza kusokota sufu.

Bibi Nanisi alimwambia hivi, nami nasema mbele yenu kwa mara ya kwanza tangu yalipokatazwa kusemwa. Nchi hii haikuwa tupu. Walikuwapo Wakari, wenyeji wa tangu asili, walikuwa na nyumba, walikuwa na shayiri shambani, na waasisi wetu walikuja bila wanawake, wakawaua wanaume wa hapa, baba na waume na wana, kisha wakawakokota wake na binti zao kwa nywele hadi ndani ya nyumba hizo hizo, wakiwaingiza kinyumenyume. Wanawake wale waliapa kwamba hawatawaita kwa jina wanaume waliowaulia watu wao, wakawaapisha binti zao, na binti zao wakawaapisha wa kwao, kila mmoja usiku wa kuamkia harusi yake, mpaka leo. Kile tulichokuwa tukiwaonyesha wageni kwamba ni heshima, kilikuwa ni chuki. Tumetukanwa ndani ya nyumba zetu vizazi vyote hivi, na tulikuwa tunashukuru.

Marehemu alirudi nyumbani akakichukua kitabu chake cha kwanza, akakifungia kwenye sanduku, akaanza kingine. Na kwenye Sikukuu ya Waasisi iliyofuata, alipoitwa kusoma, watu wakiwa wamekwisha kukaa na divai imekwisha kumiminwa, alisoma hicho kipya. Mimi nilikuwapo. Kwanza watu walitazamana, kwa kuwa walidhani wamesikia vibaya. Kisha mzee Eksekesto akainuka pale mbele, akasema, "Huyu amekwenda kukaa jikoni na vikongwe, sasa anatuletea umbea wa jikoni mbele ya madhabahu!" Watu wakacheka sana. Marehemu akawangoja wamalize, akamuuliza kwa upole, "Umbea? Haya, mzee wangu, mkeo anakuitaje?" Wakacheka tena, maana mke wa Eksekesto alijulikana kwa kumwita mumewe kwa mluzi, na kicheko kile kilikatika ghafla, kila mwanaume akitazama chini, kila mmoja akijiuliza yeye anaitwaje nyumbani kwake. Hapo ndipo mbegu za zeituni zilipoanza kurushwa.

Wazee wa baraza mliopo, wengine wenu mlikuwapo, wengine ni baba zenu, sitaki kugombana msibani. Mliamua kitabu kisisomwe tena, na kwa kuwa ngozi ni ngozi na kuichoma ni ubadhirifu, mkaamua apewe Tirta mshona viatu aitumie kwa faida ya mji. Basi Tirta alikwangua alipoweza, akakata, na kwa majira mawili mji mzima ulikuwa na makubadhi mapya. Soli zilikuwa historia yetu, gidamu za vidoleni zilikuwa historia yetu, mhunzi alizibia mifuo yake ya kuvuvia moto, na wapo waliokwenda vitani na ukurasa mzima ndani ya ngao. Sokoni mtu akidanganya bei ya samaki alijibiwa, "Wanawake wanasema!", kwa kuwa ndivyo marehemu alivyoanza kila sehemu ya kitabu kile, na watoto waliichukua wakaifanya wimbo.

Lakini aibu iliyomla si hiyo. Hiyo angeicheka. Iliyomla ni ya upande ule wa ukuta. Bibi Nanisi aliposikia kwamba maneno ya chumbani yamesomwa sikukuuni, mbele ya wanaume wenye divai mkononi, alimwita Mirtale akamwambia, "Nilimwambia ili ajue. Nani alimwambia aseme?" Akafa mwaka ule ule bila kumpokea tena marehemu mlangoni pake. Wanawake walianza kuondoka kisimani Mirtale anapofika, mtungi wake ukabaki peke yake kwenye mstari, na hakuna aliyemsaidia kujitwika. Marehemu aliyaona hayo kila asubuhi. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunapanda kutoka mtoni, kwamba alijiona mtu mkweli siku ile, tena shujaa, na kumbe alichukua kitu alichoaminiwa akakitoa uwanjani kama mtu anavyotoa farasi wa mkwewe kwenye mashindano. Aliwaaibisha wanaume kwa makusudi na wanawake kwa kutofikiri, akasema, na la pili ndilo haliponi. Hakuwahi kumwomba mkewe amwite kwa jina. Alisema hana uso wa kuomba.

Wengi wenu mnamkumbuka alivyokuwa katika miaka ya mwisho, na najua mnachekea moyoni, chekeni tu. Alikuwa akitafuta kitabu chake. Hakuwa na nakala, na alichokuwa nacho kichwani kilianza kumchanganya, basi akawa anakwenda kwenye karamu kabla watu hawajatoka, anainama mlangoni kwenye viatu vilivyovuliwa, anavigeuza kimoja kimoja anasoma soli. Watoto walimwita Babu Msoma Viatu. Wengine walimfukuza wakidhani mwizi, wengine walianza kuingia ndani na viatu vyao, wengine, na hili nimeliona kwa macho yangu, walisugua miguu kwenye mawe njia nzima ili asikute kitu. Aliyopata aliyanakili kwenye vigae vya mitungi. Ni machache, nami nitawasomea matatu kama yalivyo, yanaanzia katikati na kuishia katikati.

Kutoka kwenye soli ya mguu wa kushoto, mwenye kiatu hakutaka kutajwa, "na shayiri ilikuwa imeiva, basi nchi haikuwa tupu, maana shayiri haijilimi yenyewe, wala hai".

Kutoka kwenye mfuo wa mhunzi, "hili nililiandika kwanza kuwa heshima, nami nilikuwa mjinga, kwa kuwa sikumuuliza aliyekuwa karibu nami kuliko wote, nikaenda hadi Misri kuwauliza wa".

Na kutoka kwenye gidamu, nyembamba kiasi cha kidole, "si kwa kuwa baba zetu waliua, bali kwa kuwa sisi".

Sisi tulifanya nini, hatujui. Sehemu hiyo iko miguuni mwa mtu, au imekwisha kulika.

Marehemu alianza kuugua majira ya baridi yaliyopita, baada ya kulowana akivuka vinamasi vya mto Maiandro kwenda kwa mtu aliyesikia ana ngao ya zamani, akapata homa, homa ikashuka kifuani, miguu ikavimba. Mganga kutoka Kosi aliyekuwa akipita Mileto aliletwa, akampa maji ya shayiri na asali, akamzuia divai, ahueni ikaja, ikaondoka. Alifariki juzi alfajiri, siku ya mwisho ya mwezi, mwaka huu ambao Filisko amevaa taji la mji, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mguu kwa sababu alilalamika kwamba una baridi.

Kwa niaba ya familia namshukuru mganga yule, ambaye hakutudanganya. Nawashukuru majirani wa mtaa wa kisimani walioleta kuni na mkate. Namshukuru mzee Tirta, aliyefika jana na fuko la vipande vilivyobaki chini ya meza yake tangu wakati ule, akaviweka mlangoni akaondoka bila kungoja asante. Wenzake wa kazi wawili, mmoja wa Mileto na mmoja wa Lampsako, wametuma salamu, wakisema watalitaja neno lake moja au mawili katika vitabu vyao, tunashukuru, pengine ndiko atakakobaki. Na ninyi mama zetu wa upande wa ukuta, ambao hamkuwa na deni la kuja, mmekuja, na sina neno la kutosha.

Limebaki lile moja. Asubuhi hii, baada ya wanawake kumaliza kumwosha, nilisimama nje ya pazia nikamuuliza mkaza mjomba, kwa sababu ilibidi aulizwe, "Mama, utamwita?" Alimaliza kwanza kukamua kitambaa. Kisha akatoka, mikono imelowa, akaniambia, "Bibi alituapisha tusimwite muuaji. Huyu nimeishi naye mpaka nimeota mvi, sikumwona akiua mtu. Nimeshamwita, kule ndani, wanawake wamesikia, na hakuna aliyeondoka." Nikamwambia, "Mara moja tu, mama? Ni mara tatu." Akaitazama miguu yangu, nami nikaitazama, nikayaona makubadhi yangu ya Tirta, nikatamani ardhi inimeze. Akasema, "Mimi zamu yangu nimemaliza. Hizo mbili wamwite hao wanaotembea juu yake."

Hayo ndiyo aliyonituma, nami nimeyafikisha. Kwa hiyo wazee, ndugu, majirani, nawaomba tuvue makubadhi yetu hapa tuliposimama, na mimi natangulia kuvua yangu. Sijalitaja jina na sitalitaja peke yangu, kwa kuwa hakuna asiyelijua, ndilo lililoanza kitabu. Tumwite mara mbili, kwa sauti, hata kule ukutani wasikie kwamba wanaume wa Telaso nao wana kinywa. Pumzika kwa amani, mjomba, ila ngoja kwanza, usifumbe masikio, tunavua viatu.